Kutoka Maskati hadi miamba ya Iran kwa gari: majira, makaratasi na vifaa

SWALI: Mimi ni Mkenya, mke wangu ni Mtanzania, na tunaishi Maskati. Tumepanda njia mbili ndefu za Jebel Misht, mlima wa chokaa hapa Oman, na kabla ya kuhamia huku nilikuwa nikipanda miamba ya Lukenya na Hell's Gate kule Kenya. Tuna Hilux ya petroli, injini ya 2.7, yenye namba za Oman. Tunataka kuvuka na gari hadi Iran kwa mwezi mmoja tupande Bisotun na Alam-Kuh. Twende mwezi gani, tuanzie wapi, tubebe nini, na gari litatusumbua wapi?

JIBU: Ndugu yangu, anza na joto la mwamba, ndipo ufungue ramani. Bisotun, karibu na Kermanshah, ni ukuta wa chokaa unaotazama kusini, na jua huupiga karibu kutwa. Alam-Kuh, kwenye milima ya Alborz, ni granite. Kilele kina mita 4,850 na ukuta wake mkubwa unatazama kaskazini, hivyo theluji hukawia huko mpaka Julai. Aprili mtapata Bisotun nzuri na Alam-Kuh iliyofunikwa. Julai mtapata Alam-Kuh, lakini Bisotun vidole vitateleza kwa jasho na lita nne za maji hazitawafikisha jioni. Safari moja inayobeba yote mawili ina nafasi finyu: kuingia wiki ya mwisho ya Agosti, kwenda moja kwa moja Alam-Kuh kabla baridi ya Septemba haijakaza, kisha kushukia Bisotun siku za mwisho za Septemba. Mkichelewa wiki tatu, chagueni Bisotun peke yake.

Kabla ya makaratasi, usalama. Juni 2025 Israeli na Iran zilipigana kwa siku 12. Anga ilifungwa, intaneti ikakatwa, na wageni wengi wakabaki na njia za nchi kavu tu za kutokea. Mwaka huohuo wasafiri wa Ulaya waliokuwa wakipita Iran kwa pikipiki na kwa baiskeli walikamatwa na kushtakiwa kwa ujasusi, na serikali kadhaa za Magharibi zinawaambia raia wao wasiende kabisa. Mpanda mwamba ana hatari ya ziada, maana hubeba darubini, redio za mkononi, lenzi ndefu na ramani za kina, na huzitoa pembeni mwa barabara akitazama mlima ambao huenda nyuma yake kuna kambi ya jeshi. Kwa hiyo nauli ya feri iwe kitu cha mwisho kulipia. Ilipeni pale tu ubalozi wa Iran hapo Maskati utakapokuwa umewapa viza ukijua mnaingia na gari lenu, bima ya matibabu itakapokuwa imekubali kwa maandishi kwamba inalipa ndani ya Iran na inalipa kupanda miamba kwa kamba, na kukiwa hakuna mapigano wala tishio lake. Kimoja kikikosekana, ahirisheni mwaka mmoja. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu kwenye ukuta hakuna njia ya kutoroka haraka mambo yakiharibika mjini.

Sasa viza. Desemba 2023 Iran ilitangaza kufuta viza kwa nchi 33. Tanzania imo, Kenya haimo. Mke wako asitegemee tangazo hilo. Wahindi waliokuwa kwenye orodha hiyohiyo waliwekewa masharti Februari 2024: kuingia kwa ndege tu, siku 15, mara moja kila miezi sita, bila kuongezewa. Ninyi mnaingia kwa bahari na mnataka mwezi. Ombeni wote wawili viza ya utalii ya siku 30 kwenye tovuti ya viza ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Iran, mkichagua Maskati kuwa mahali pa kuichukulia, na muombe wiki sita kabla. Mkifuata tarehe nilizotaja hapo juu, siku 30 hazitatosha kwenda na kurudi, kwa hiyo pangeni kuongeza viza; huongezwa kwenye ofisi za polisi wa uhamiaji katika miji mikuu ya mikoa. Kermanshah na Isfahan zote zinawafaa. Pasipoti yenye dalili ya safari ya Israeli hukataliwa. Na kama kuna rafiki mwenye pasipoti ya Marekani, Uingereza au Kanada anayetaka kuungana nanyi, mjulishe mapema kwamba hao hulazimika kutembea na mwongozaji rasmi kwa ratiba iliyoidhinishwa. Hilo litabadilisha safari yenu nzima.

Beba nakala ya cheti cha ndoa yenye tafsiri ya Kiingereza. Mna pasipoti za nchi mbili na pengine majina ya ukoo tofauti, na mapokezi ya hoteli huenda wakauliza.

Gari litahitaji carnet de passages, kitabu cha forodha kinachoruhusu gari kuingia nchi na kutoka bila kulipiwa ushuru. Hutolewa na chama cha magari cha nchi liliposajiliwa, kwenu ni Oman, kwa dhamana inayokokotolewa kutoka thamani ya gari. Kila ukurasa una vipande vitatu. Cha chini hukatwa na forodha mnapoingia, cha kati hukatwa mnapotoka, na cha juu hubaki kitabuni kikiwa na mihuri yote miwili. Wengi hupoteza dhamana kwa sababu ya muhuri wa kutoka: afisa amekata kipande cha kati akasahau kugonga cha juu, au dereva amepita geti akidhani wakala ameshamaliza. Msiondoke dirishani kabla ya kukitazama kipande cha juu kwa macho yenu. Namba ya chasisi na ya injini kwenye kitabu zifanane na zilizopigwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Herufi moja iliyokosewa inaweza kuwalaza bandarini. Kadi ya gari iwe kwa jina la mmoja wenu. Kama gari ni la kampuni au bado lina mkopo wa benki, pateni barua ya ruhusa yenye muhuri, pamoja na tafsiri yake.

Boti za kasi mnazoziona Khasab zikivuka kwenda pwani ya Iran hazina utaratibu halali wa gari lenu, kwa hiyo zisahauni. Njia ya magari ni feri kutoka Sharjah kwenda Bandar Lengeh au Bandar Abbas, na kampuni ya Iran ya Valfajr ndiyo iliyozoeleka hapo. Ratiba hufuata upepo, mizigo na siasa, kwa hiyo msipange kitu chochote cha tarehe maalumu siku mbili za kwanza. Ulizeni mapema kama abiria na gari husafiri chombo kimoja, na kabla ya kulipa mwombeni wakala wa forodha wa upande wa Iran athibitishe kwa maandishi kwamba gari la aina yenu, mwaka wake na ukubwa wa injini yake litapokelewa. Bandarini mtazunguka madirisha manne au matano: pasipoti, ukaguzi wa gari, forodha, bima, kisha kibali cha geti. Wakala mzuri hugeuza siku mbili kuwa moja, nami naona ujira wake ni halali kabisa. Bima ya kuwalipa wengine nunueni hapohapo bandarini, kwa sababu kampuni nyingi za nje haziandiki Iran kwenye mikataba yao tena. Leseni ya kimataifa ni lazima.

Fedha zote mtabeba mkononi. Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi Iran, si kwenye mashine za benki wala madukani. Chukueni dola au euro safi zisizokunjwa, za kutosha mwezi mzima, kisha ongezeni akiba ya kuvuta gari na tiketi mbili za ndege za kurudi nyumbani. Gawanyeni sehemu mbili. Badilisheni kwenye duka la kubadilisha fedha linaloitwa sarrafi, na kila mkitajiwa bei ulizeni kama ni toman au rial. Toman moja ni rial kumi, na watu husema toman huku noti zikiandikwa rial.

Drone, simu ya setilaiti, kifaa cha intaneti ya setilaiti na redio za mkononi viacheni Maskati. Ukutani mtawasiliana kwa kamba: mvuto mmoja mrefu, mapumziko, mitatu mifupi, au mpangilio wowote mliouzoea. Ufanyieni mazoezi Misht mpaka msihitaji kupiga kelele. Pakueni ramani za nje ya mtandao, na mchapishe karatasini njia, anwani na michoro ya kupanda, kwa maana intaneti inaweza kukatika nchi nzima bila taarifa. Msipige picha bandarini. Bandar Abbas ina kituo kikubwa cha jeshi la majini.

Mkitoka bandarini ondokeni pwani siku hiyohiyo kama mnaweza. Agosti, Hormozgan ina joto na unyevu mnaoujua vizuri kutoka Maskati, na ni mkoa wa magendo ya mafuta, kwa hiyo vituo vya petroli vina foleni na ulinzi. Iran hutumia kadi za mafuta. Mgeni hana kadi, hivyo mhudumu hutumia ya kituo na mnalipa bei ya juu, ambayo bado ni ndogo sana kwa kipimo cha nje. Kukiwa hakuna kadi ya kituo, dereva mwingine kwenye foleni huenda akawaazima yake. Jazeni tangi likifika nusu, msisubiri taa. Petroli ya kawaida ina oktani ya chini kuliko ile 95 mliyoizoea. Injini ikigonga mkipanda mlima na mzigo, rudisheni gia moja chini na mpunguze kukanyaga. Petroli imewaokoa na jambo kubwa. Mwenye dizeli huhangaika kuomba kadi za malori, na gari jipya lenye kichujio cha moshi huziba kwa salfa.

Kutoka Bandar Abbas hadi Tehran ni kama kilomita 1,300 kupitia Sirjan, Yazd, Kashan na Qom. Lalani Sirjan usiku wa kwanza, maana iko juu ya mita 1,700 na mtapumua. Mwendo kwenye barabara kuu za njia nyingi huishia 120, na kwenye barabara za kawaida 95 mchana. Msiendeshe usiku. Malori hupita yamezima taa za nyuma, na pikipiki hutokea upande usioutarajia.

Vipuri: Iran imejaa Peugeot, Pride na Samand, na fundi wa mji wowote atazifungua macho yamefumba. Hilux ipo, lakini kipuri chake huenda kikangojewa. Bebeni mikanda ya injini, pampu ya maji, pedi za breki za mbele, vichujio viwili vya mafuta, pampu ya petroli, bomba za rejeta na matairi mawili ya akiba kama nafasi ipo. Kikubwa kikiharibika, mtaa wa Amir Kabir mjini Tehran, ambao wazee huuita Cheragh Bargh, ndio soko la vipuri. Badilisheni mafuta ya breki kabla ya safari kama yana zaidi ya miaka miwili. Unyevu wa Ghuba huingia kwenye mafuta hayo, yakipata moto kwenye mteremko mrefu huchemka, na pedali inazama hadi sakafuni. Mteremko huo upo: barabara ya Chalus.

Mjini Tehran chukueni siku tatu, si za kutalii tu. Kutoka Darband mtapanda kwa miguu hadi kibanda cha Shirpala, karibu mita 2,750, na kwenye milima hiyohiyo kuna miamba ya kupanda ya Band-e Yakhchal. Lalani Shirpala, pandeni njia fupi siku ya pili, na mkiwa na nguvu fikeni Tochal, mita 3,964, kisha mshuke. Hapo mwili unaanza kuzoea hewa nyembamba. Duka za vifaa vya milima ziko eneo la Moniriyeh, na mitungi ya gesi ya kufunga kwa kuzungusha nunueni huko. Lakini kama mnanunua jiko jipya, chukueni la petroli, kwani mafuta yake mnayo tangini kila siku.

Barabara ya Chalus hupanda kutoka Karaj hadi handaki la Kandovan, karibu mita 2,700, kisha huanguka kuelekea Bahari ya Kaspi. Alhamisi na Ijumaa nusu ya Tehran huwa humo, na polisi hugeuza barabara kuwa ya upande mmoja kwa saa kadhaa. Piteni Jumamosi au Jumapili asubuhi. Mkiteremka, wekeni gia ya tatu au ya pili na breki ziguswe kwa vipindi. Marzanabad mnakata kushoto kwenda Kelardasht, kisha Rudbarak, kijiji cha mwisho. Hapo kuna kibanda cha shirikisho la upandaji milima la Iran. Jiandikisheni, acheni gari, na chukueni gari la mwenyeji hadi Vandarbon. Njia ina mawe na mifereji, na Hilux yenu ingefika, ila hakuna sababu ya kuiacha huko juu. Nyumbu hubeba mizigo kutoka Vandarbon hadi kibanda cha Sarchal, karibu mita 3,900.

Sarchal iko juu kidogo kuliko kambi ya Horombo ya Kilimanjaro. Lalani huko usiku mbili kabla ya kusogea Alam-Chal, juu ya mita 4,000, chini ya ukuta. Dawa ya acetazolamide, miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla, husaidia, ila muoneni daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Kichwa kikiuma na dawa ya maumivu isikitulize, subirini. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au kukohoa akiwa amekaa, shukeni papo hapo, hata kama ni usiku.

Ukuta wa kaskazini una karibu mita 800. Kwa njia yenu ya kwanza hapo nawashauri ukingo wa mlima uitwao mgongo wa Wajerumani, uliopandwa mwaka 1936 na Gorter na Steinauer, kabla ya kufikiria njia za katikati ya ukuta. Kipimo kizuri kwa Mkenya ni njia ya kawaida ya uso wa kaskazini wa Batian, kilele cha Mlima Kenya. Mtu aliyeimaliza na kushuka kabla ya giza, akiwa amebeba begi lake mwenyewe, yuko tayari. Mtu aliyeishia mwamba wa Fischer's Tower wa Hell's Gate na Lukenya, hata akiwa hodari namna gani, bado hajajaribiwa kwa saa kumi na mbili za mfululizo kwenye hewa nyembamba, na Misht haimjaribu kwa hilo pia. Kwa hiyo Tochal na Sarchal zisiharakishwe.

Barafu iliyo chini ya ukuta imefunikwa na kifusi. Mwisho wa Agosti ulimi wa theluji uliobaki huwa mgumu; chukueni njumu nyepesi za barafu na shoka moja. Anzeni saa kumi alfajiri. Mchana mvuke wa Kaspi hupanda mabondeni na kufunika kila kitu chini yenu, na ukifika mgongoni hamtaona mahali pa kushukia. Njia ya kushuka ni upande wa Siyah Sang, na itembeeni siku moja kabla bila mzigo ili miguu iijue.

Baada ya hapo pumzikeni siku mbili Kelardasht, kisha rudini Karaj, Qazvin, Hamadan, na kupitia kona za Asadabad kuelekea Kermanshah. Bisotun iko kandokando ya barabara hiyo, kama kilomita 30 kabla ya mji. Mtauona ukuta mbali kabla ya kuufikia, na sehemu ndefu zaidi inapita mita 1,000.

Jambo la kwanza la Bisotun ni mipaka. Chini yake kuna maandishi ya mfalme Dario yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500, michongo ya zama za Waparthi, watawala wa kale wa Iran, na ukuta uliochongwa uitwao Farhad Tarash. Eneo hilo ni Urithi wa Dunia tangu 2006, na hairuhusiwi kupanda karibu na michongo. Ulizeni wapandaji wa Kermanshah njia zinaanzia wapi. Wako wengi, ni hodari, na Ijumaa mtawakuta chini ya mwamba na birika la chai. Mwingereza Henry Rawlinson alinakili maandishi hayo kati ya 1835 na 1847 akisimama juu ya ngazi kwenye ukingo mwembamba. Sehemu ya Kibabeli, ambayo hakuna aliyeweza kuifikia, alimalizia mvulana wa Kikurdi aliyepigilia vigingi kwenye nyufa na kujivuta kwa kamba na vidole. Jina lake halikuandikwa, na kwangu mimi yeye ndiye mpanda mwamba wa kwanza wa Bisotun tunayemjua.

Chokaa ya hapo imechimbwa na maji kuwa mifereji ya wima yenye kingo kali. Kamba ikipita juu ya ukingo mmoja na ikasuguliwa kushoto kulia, ganda lake hukatika. Ndiyo sababu nataka mwende na kamba mbili nyembamba za mita 60, si moja nene: moja ikikatwa, ya pili inawashika, na kwa mbili mnashuka mita 60 kwa mkupuo. Mifereji hiyo ina faida yake, kwani mwamba umejaa matundu yanayotokea upande wa pili. Penyezeni ukanda wa sentimita 120 humo, ufungeni, na mnapata kinga nzuri kuliko kabari nyingi, yaani vipande vya chuma vya kubana kwenye nyufa. Kabari za kawaida bebeni seti moja na nusu. Kabari za springi bebeni mbili mbili za ukubwa wa ncha ya kidole hadi kiganja chembamba, na moja moja za ngumi. Karabina, yaani pete za chuma zenye mlango wa springi, za jozi kumi na mbili, sita kati yake zikiwa kwenye mikanda ya kurefusha. Misumari ya mwamba mitano na nyundo moja kwa anayefuata. Kamba ya milimita 7, mita 20, ya kukata na kuacha kwenye vituo vya kushukia, yaani mahali pa kufungia kamba ukutani, na pete sita za chuma za kufunga kwa nati. Helmeti zisivuliwe hata mkila, maana juu kuna mbuzi wanaotembea, na jiwe dogo la mita 300 juu halitoi onyo.

Bolti za chuma zilizopigiliwa mwambani mtazikuta, za vizazi tofauti. Njia mpya zina za milimita 10. Za zamani ni za milimita 8 na vibao vya kupachikia karabina vilivyotengenezwa karakana za mtaani, vingine vizuri ajabu. Kabla ya kuiamini bolti, tazama kwanza mwamba unaoizunguka: ufa unaotoka kwenye tundu, au sauti ya utupu ukigonga kwa kifundo cha kidole, inatosha kuikataa. Kisha shika kibao, kizungushe. Kikizunguka, jaribu nati kwa vidole. Nati iliyolegea ikazwe kwa spana ya 17 kwa bolti ya milimita 10 na ya 13 kwa ile ya 8, taratibu, bila kuning'inia kwenye spana, kwa kuwa bolti iliyokazwa kupita kiasi hukatika shingoni. Nati ikizunguka na shina lake pamoja, bolti imepoteza mshiko ndani ya tundu, iache. Mstari wa kutu unaoshuka chini ya kibao unasema maji yanaingia. Kutu nyepesi ya uso si hatari, ila ganda linalobanduka kwa ukucha ni hatari. Kituo cha kushukia kiwe na nukta mbili zinazogawana uzito, na ukanda wowote mliokuta umefungwa pale ukatwe, kwani jua la Kermanshah huuoza ndani ya msimu mmoja au miwili, hata ukionekana mzima. Kuacha kipande cha kamba yenu kituoni kuchukulieni kuwa jambo la kawaida.

Muda. Mwishoni mwa Septemba jua huchomoza huko karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, na saa ya Iran iko nusu saa nyuma ya ya Oman. Watu wawili wazoefu hutumia dakika 40 kwa kila urefu wa kamba, pamoja na kujenga kituo. Urefu kumi na tano ni saa kumi, na bado hamjaanza kushuka. Kwa njia yenu ya kwanza chukueni isiyozidi urefu kumi, na mkiwa hamjafika juu saa nane mchana, geuzeni. Kushuka ndiko kunakolaza watu ukutani. Makorongo ya juu yanafanana, na lile la karibu linaloonekana rahisi huweza kuishia kwenye ukingo mtupu. Mtafuteni mwenyeji awaoneshe njia ya miguu mchana. Maji lita nne kila mmoja. Njiani hakuna hata tone.

Sheria inamtaka mwanamke afunike nywele, mikono na miguu. Kitambaa chembamba cha kuvutika, kilichovaliwa shingoni na kupandishwa kichwani chini ya helmeti, hukaa vizuri na hakiingii kwenye kifaa cha kushukia. Mtandio unaoning'inia unaweza kunaswa humo, kwa hiyo usipandiwe. Shati la mikono mirefu la kitambaa chepesi linamkinga na kingo za chokaa vilevile. Na wewe vaa suruali ndefu.

Msaada: Hilali Nyekundu ni 112, gari la wagonjwa 115, polisi 110. Msipange kwa kutegemea helikopta. Kabla ya kuondoka Oman fanyeni mazoezi ya kumshusha mwenzako aliyeumia kutoka kituo hadi kituo, kila mmoja akiwa mwokoaji kwa zamu.

Bakizeni siku nane za viza, pamoja na zile mlizoongezewa, mnapoondoka Bisotun. Isfahan kuna Kuh-e Sofeh, mlima wa chokaa ulio ukingoni mwa mji, unaofaa kwa nusu siku ya njia fupi. Kisha Shiraz, halafu mteremke kupitia Lar hadi Bandar Lengeh, mkifika bandarini siku nne kabla ya viza kuisha, kwa sababu feri inaweza kukaa siku tatu ikisubiri upepo utulie. Mkiingia tena Oman, peleka carnet kwa forodha ya mpakani igongwe muhuri wa kurejea, kisha uirudishe kwa chama cha magari kilichoitoa. Dhamana hairudishwi mpaka wahesabu vipande vyote vya juu na kukuta vimekamilika.